Laptopu ya mtumba ipimwe kwa miaka iliyobaki, siyo kwa stika ya i7

Ukishuka Barabara ya Sokoine jijini Arusha kutoka Mnara wa Saa, au ukipita maduka ya kompyuta ya Moshi mjini, sifa za laptopu za mtumba unazosomewa ni zile zile duka hadi duka: "Core i7, RAM 8, SSD 256, chaji inakaa." Yaani daraja la prosesa (ubongo wa kompyuta), kumbukumbu ya kazi, na diski. Mteja akisikia i7 anatulia. Akiambiwa i5 anauliza kama hakuna kubwa zaidi. Bei nayo imepangwa kwa ngazi hiyo hiyo, i7 juu, i5 katikati, i3 chini, na umri wa mashine hautajwi popote. Mpango huu unawaumiza wanunuzi wetu, na tangu Oktoba 2025 unawaumiza zaidi.

Mtu huyo huyo akienda kununua gari lililotumika haridhiki kuambiwa kwamba ni Toyota. Anauliza mwaka, kilomita, ukubwa wa injini, na kama limesajiliwa kwa namba D au E. Lakini kwenye kompyuta, ambayo mwanafunzi wa Chuo cha Uhasibu pale Njiro au wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi ameidunduliza hela yake mwaka mzima, swali la mwaka halipo kabisa.

Chukua mashine mbili zilizojaa sokoni. Ya kwanza ni HP EliteBook 840 G3 yenye prosesa ya Core i7-6600U. Ya pili ni EliteBook 840 G5 yenye Core i5-8250U. Kwa hesabu ya stika, ya kwanza ndiyo mkubwa. Ukifungua ndani, ile i7 ina viini viwili tu, yaani vitengo viwili vinavyofanya hesabu, na inaweza kuendesha mikondo minne ya kazi kwa wakati mmoja. Ile i5 ina viini vinne na mikondo minane. Mbio zao za juu ni sawa, 3.4GHz, ila moja ina wafanyakazi mara mbili ya mwenzake. Fungua kurasa kumi za intaneti, WhatsApp, Excel na mkutano wa Zoom kwa pamoja, utajua nani mkubwa.

Sababu yake inajulikana. Kwa miaka mingi Intel ilizijaza laptopu nyembamba za ofisi prosesa za viini viwili, iwe i3, i5 au i7. Tofauti ilikuwa mbio na kumbukumbu ndogo ya ndani. Agosti 2017, AMD, mshindani wa Intel, ikiwa imerudi sokoni na prosesa za Ryzen na ushindani umeanza kuuma, Intel ikatoa kizazi cha nane na kuzipa i5 na i7 za aina hiyo viini vinne. Huo ndio mruko mkubwa kuliko yote kwa laptopu za ofisi katika kipindi hicho, na stika ya mbele ya mashine haiuonyeshi hata kidogo. Unaonekana kwenye namba inayofuata baada ya kistari. 6600U ni kizazi cha sita, 7300U cha saba, 8250U cha nane, 10210U cha kumi, 1135G7 cha kumi na moja. Herufi ya mwisho nayo ina maana: U ni prosesa ya kutumia umeme kidogo, HQ au H ni ya mashine nzito zaidi, na hizo zilikuwa na i7 za viini vinne hata kabla ya 2017.

Jina la modeli pekee halitoshi. ThinkPad T480 inasifiwa kama laptopu ya kizazi cha nane, na nyingi ndivyo zilivyo, lakini Lenovo iliiuza pia na prosesa za kizazi cha saba. Kwa hiyo usikubali kusomewa karatasi. Ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya "About", usome namba nzima kwa macho yako. Ni kazi ya nusu dakika, na muuzaji anayekuzuia kuifanya ameshakupa jibu.

Namba hiyo ilikuwa muhimu hata zamani. Kilichoipa uzito mpya ni Microsoft. Windows 11 ilipotoka Oktoba 5, 2021, ilikuja na masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0, Secure Boot (kinga ya wakati mashine inawaka), RAM ya 4GB, nafasi ya 64GB, na orodha ya prosesa zinazokubalika ambayo kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane, ukiacha vighairi vichache. Miaka minne baadaye, Oktoba 14, 2025, Windows 10 ikafikia mwisho wa kuhudumiwa. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikuwa imekadiria, Desemba 2023, kwamba kompyuta kama milioni 240 duniani zingebaki nje ya mstari. Ofisi za Ulaya na Marekani hazisubiri kompyuta ife. Idara ya teknolojia ikiambiwa mashine haihudumiwi tena, zinatolewa kwa mamia. Kisha zinaingia kwenye makontena, zinapita Dubai, zinashukia Dar es Salaam au zinavuka Namanga kutoka Nairobi, na kuishia kwenye kabati za vioo za Arusha.

Sisemi kwamba Microsoft haikuwa na sababu. Windows 11 inategemea kinga zinazotenga sehemu nyeti za mfumo ili programu chafu isizifikie, na prosesa za zamani zinazifanya kinga hizo ziende kwa kujikokota. Lakini kizazi cha saba, kilichouzwa 2017, kina sehemu kubwa ya uwezo huo, na Microsoft yenyewe iliikubali i7-7820HQ, prosesa ambayo ilikuwa ndani ya kompyuta yake ya Surface Studio 2. Mstari ungeweza kuchorwa nyuma kidogo bila hasara kubwa. Ulipochorwa pale, gharama yake ikahamishiwa kwa wanaonunua mashine zikiwa na miaka minane, nao ni sisi.

Kuna hoja ambayo mafundi wetu huitoa, na ni hoja nzito: tarehe ya Microsoft ina maana gani mahali ambapo Windows nyingi zimechakachuliwa na masasisho yamezimwa ili yasile bando? Kompyuta nyingi za mji huu zilikuwa hazisasishwi tangu siku fundi alipozipiga Windows. Oktoba 14 haikubadilisha chochote kwao.

Ni kweli, ila nusu. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta duniani kote, hospitali za Uingereza zikiwemo, kwa kupitia ufa ambao Microsoft ilikuwa imeuziba tangu Machi mwaka huo. Waliopigwa ni wale ambao hawakuwa wamepokea kiraka. Steshenari inayopokea flashi za watu mia kwa siku, yenye kompyuta nne kwenye mtandao mmoja, na Windows iliyozimwa masasisho, iko mlango wazi. Hata hivyo, si kirusi kinachozitoa mashine kazini hapa kwetu. Kinachozitoa ni kivinjari.

Angalia ilivyokwenda kwa Windows 7. Microsoft iliacha kuihudumia Januari 14, 2020, na huku kwetu watu wakaendelea nayo kama kawaida. Februari 2023 Google ikatoa Chrome 110, ambayo haikubali Windows 7 wala 8.1. Kuanzia hapo kurasa zikaanza kugoma moja moja: huduma ya benki inadai kivinjari kipya, fomu inafunguka nusu, WhatsApp ya kwenye kompyuta inakataa. Kwa mtu ambaye kompyuta yake ni mlango wa kuombea mkopo wa Bodi ya Mikopo, kuingia Ajira Portal, kusajili jina la biashara BRELA na kulipia kodi, kivinjari kikifa kompyuta imekufa, hata kama skrini inawaka na Word inafunguka.

Kwa Windows 10 tunayo tarehe ya kushika. Microsoft imeahidi kwamba kivinjari chake cha Edge kitaendelea kusasishwa kwenye Windows 10 toleo la mwisho, 22H2, angalau hadi Oktoba 2028, na programu za Microsoft 365 zitapata viraka vya usalama hadi Oktoba 10, 2028. Upo pia mpango wa masasisho ya ziada ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani, hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa anayekubali kuunganisha mipangilio yake na akaunti ya Microsoft. Mpango huo unadai toleo la 22H2 na akaunti, vitu ambavyo Windows nyingi za kupigwa mtaani hazina. Kwa hiyo kwa mnunuzi wa kawaida wa Arusha, mashine ya kizazi cha sita au cha saba inayobaki kwenye Windows 10 ihesabiwe kuwa na uhai wa hakika hadi 2028. Baada ya hapo ni bahati.

Hesabu ninayoitaka iingie vichwani mwa wanunuzi inaanzia hapo. Bei igawanywe kwa miaka iliyobaki. Tuseme, kwa mfano tu, ile G3 ya i7 inauzwa laki nne na nusu, na G5 ya i5 inauzwa laki sita. Kuanzia mapema 2026 hadi Oktoba 2028 ni kama miaka miwili na nusu. G3 inakugharimu 180,000 kwa mwaka. G5 inakubali Windows 11 kihalali, na ukiipa miaka mitano tu, inakugharimu 120,000 kwa mwaka, tena ikiwa na kasi zaidi kila siku ya miaka hiyo. Ile inayoitwa ya bei nafuu ndiyo ghali. Ili G3 iwe na thamani ya kulingana na mwenzake, ilipaswa kuuzwa laki tatu. Ikishuka chini ya hapo, nunua, mradi ujue unachonunua.

Kuna wauzaji wameshaliona hili, na dawa waliyoipata ni kuzipiga Windows 11 mashine za kizazi cha sita. Kitaalamu haina ugumu. Programu ya Rufus inaandaa flashi inayoruka ukaguzi wa TPM na prosesa, na kwa nusu saa laptopu ya 2016 inaonyesha sura mpya ya Windows 11 katikati ya skrini. Inafanya kazi, na leo inapokea hata masasisho ya kila mwezi. Tatizo ni kwamba Microsoft imesema wazi kuwa mashine za namna hiyo hazina haki ya kusasishwa, na toleo jipya la kila mwaka haliji lenyewe. Lazima fundi arudie kazi. Wanaojua wanachofanya, na waendelee. Kumuuzia mwalimu kama "Windows 11, ya kisasa" bila kumwambia ni udanganyifu. Kuona Windows 11 kwenye skrini hakuthibitishi chochote tena. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika tpm.msc, uone kama toleo ni 2.0, kisha urudi kwenye namba ya prosesa.

Nihamie kwenye diski na RAM, kwa sababu hapo ndipo hela ndogo inapofanya kazi kubwa. Diski ya zamani ya kuzunguka, ile ya mizunguko 5,400 kwa dakika, ina mkono unaohama huku na kule kutafuta data. Kila ukihama zinapotea sehemu za sekunde, kwa hiyo kwa vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika haiwezi kusoma zaidi ya mia moja hivi kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA haina kinachohama. Inasoma makumi ya maelfu. Windows ikiwaka inasoma maelfu ya vipande vidogo. Ndiyo maana kompyuta yenye diski ya kuzunguka huganda dakika tatu baada ya kuwashwa na mwenye nayo akadhani prosesa imechoka. Prosesa haijachoka, inasubiri. Kompyuta ya kizazi cha nne yenye SSD humridhisha mchapaji kuliko ya kizazi cha nane yenye diski ya kuzunguka, na sijaona fundi aliyefanya badiliko hilo akabishana nami. Mwenye mashine yenye diski ya zamani asitafute laptopu nyingine kabla hajabadilisha diski.

Tahadhari ni moja: SSD na flashi feki zimejaa. Ukiona flashi iliyoandikwa 2TB kwa bei ya flashi ya 32GB, ndani yake mna chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya. Inapokea mafaili yote, kisha yanayozidi ukubwa wake halisi yanapotea kimya kimya. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux (mfumo huru unaochukua nafasi ya Windows), inaandika na kusoma nafasi yote na kukupa jibu la kweli. Mwenye studio ya picha za harusi anayehifadhi kazi ya wateja kwenye kitu kama hicho bila kukipima anacheza na jina lake.

RAM imekuwa habari nyingine kabisa. Tangu nusu ya pili ya 2025 bei yake imepanda duniani kwa kasi, kwa kuwa watengenezaji wakubwa watatu, Samsung, SK Hynix na Micron, wameelekeza uzalishaji kwenye kumbukumbu za seva za akili unde, ambako faida ni kubwa. Desemba 2025 Micron ikatangaza kuachana na Crucial, jina ambalo mafundi wengi walilitegemea kwa RAM na SSD za kununua moja moja. Kwa soko letu maana yake ni hii: laptopu ya mtumba ambayo tayari ina 16GB ndani ina thamani kubwa kuliko ilivyokuwa mwaka mmoja nyuma, na ule ushauri wa "nunua ya 4GB, utaongeza baadaye" umepitwa. Uliza pia kama RAM inachomekwa au imeunganishwa moja kwa moja kwenye mazabodi. EliteBook 840 G5, Latitude 5490 na ThinkPad T480 zina nafasi mbili za kuchomeka. X1 Carbon, kwa uzuri wake wote, imechomelewa. Ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho.

Sasa jambo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu mnunuzi hawezi kuliona dukani. Laptopu za makampuni makubwa husajiliwa kwenye huduma ya Windows Autopilot. Alama za kipekee za mashine, mazabodi ikiwemo, zinawekwa kwenye kumbukumbu za Microsoft chini ya jina la kampuni. Kampuni ikiziuza bila kuziondoa kwenye orodha, mashine inaendelea kumjua bosi wake wa zamani. Muuzaji anaiwasha bila intaneti, anaipiga Windows, inafunguka vizuri, unalipa, unaondoka. Miezi sita baadaye imejaa virusi, unaifomati ukiwa umeunganishwa na intaneti, na badala ya kukuuliza jina lako inakukaribisha kwenye kampuni ya Uholanzi na kudai nywila ya mfanyakazi. Kubadilisha diski hakusaidii, kwa kuwa usajili hauko kwenye diski. Mwenye uwezo wa kuiondoa ni kampuni iliyoisajili.

Ipo pia huduma ya Absolute, iliyoitwa zamani Computrace, ambayo imekaa ndani ya BIOS, programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows, na inaweza kumwezesha mwenye mashine kuifunga kutoka mbali. Ingia BIOS, F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa Lenovo nyingi, uangalie kama imewashwa. Na kama BIOS yenyewe ina nywila ambayo muuzaji haijui, rudisha mashine mezani. Dawa ya Autopilot ni moja tu: Windows ifutwe na kuanzishwa upya mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti, hata kwa bando la simu yako. Duka likikataa, omba iandikwe kwenye risiti kwamba likitokea dai la kampuni utarudishiwa hela. Wauzaji waaminifu, na wapo wengi, wangefaidika kufanya jaribio hilo wenyewe kabla ya kuweka mashine kabatini, na kuandika namba kamili ya prosesa kwenye kikaratasi cha bei.

Betri sitaisemea sana. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, linganisha uwezo iliyoundwa nao na uwezo iliyobaki nao. "Chaji inakaa" siyo kipimo.

Wapo wanaoyakimbia haya yote kwa kununua mpya ya boksi. Nawaelewa, lakini waangalie wanachopewa. Laptopu mpya za bei ya chini kabisa huja na Celeron N4020 yenye viini viwili, RAM ya 4GB iliyochomelewa, na hifadhi ya eMMC (chipu iliyochomelewa, ya polepole kuliko SSD) ya 64GB. Windows 11 inajiwekea sehemu kubwa ya hiyo 64GB, na sasisho kubwa likija linakosa pa kukaa. Inakidhi masharti ya Microsoft kwenye karatasi, lakini kazini ni mateso, na hakuna fundi anayeweza kuiongeza kitu. Mimi ningechukua T480 ya mtumba mara kumi. Ina betri mbili, moja unaitoa kwa mkono bila bisibisi, na umeme ukikatika katikati ya kazi huo ni msaada mkubwa.

Chromebook za shule za Marekani zinazouzwa bei ya kutupa zina tarehe ya mwisho ya masasisho iliyopangwa na Google kwa kila modeli; itafute kabla ya kulipa. MacBook za Intel nazo bado zinauzwa kwa heshima kubwa hapa Arusha, hasa kwa vijana wa picha na video, wakati Apple ilishatangaza Juni 2025 kwamba macOS 26 ndiyo ya mwisho kukubali prosesa za Intel, na hata hiyo inakubali chache tu. MacBook Air ya Intel haimo hata moja. Kulipa milioni kwa mashine hiyo leo ni kulipia nembo. Air ya M1 ya 2020 ni jambo tofauti na inastahili bei yake, ila hakikisha mmiliki wa zamani ameitoa kwenye akaunti yake.

Kwa mashine zilizobaki nyuma ya mstari, msimamo wangu ni kwamba zipigwe Linux, na nasema hivyo nikijua mipaka yake. Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024, itahudumiwa hadi 2029, inatosheka na RAM ya 4GB, na kwa mtu aliyezoea Windows 7 au 10 sura yake haisumbui. Ina Firefox, na Chrome unaiongeza. Kwa steshenari ambayo kazi yake ni kuchapa, kuskani, kutoa kopi na kujazia watu fomu mtandaoni, inatosha, na inaondoa tatizo la virusi vya flashi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows. Printa za matangi za Epson ambazo steshenari zetu zinazipenda zina programu zake za Linux. Tatizo lililo wazi ni nyaraka: LibreOffice inafungua faili la Word, lakini jedwali la barua ya zabuni linaweza kuhama mstari, na mteja hataki maelezo. Kwa kazi hiyo steshenari ibaki na mashine moja ya Windows.

Mhasibu anayetumia Tally, mpiga picha wa safari anayetegemea Lightroom, mchoraji wa ramani za nyumba kwenye ArchiCAD, hao Linux haiwafai, na anayewashauri waihamie anawapotezea muda. Hao wanunue kizazi cha nane kwenda mbele na wajibane kwingine. Lakini ofisi ya kampuni ya utalii ambayo wafanyakazi wake watano wanashinda kwenye barua pepe, WhatsApp na faili za PDF za ratiba za wageni haina sababu ya kubadilisha mashine zote tano.

Fikra ya programu huru haikuanza jana nchini. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, wakati wengi wetu hatujawahi kuona kompyuta inayosema lugha yetu. Ujuzi ule ungetakiwa kuwa umesambaa kwenye vyuo vya ufundi vyote. Badala yake, fundi wa mtaani anafundishwa na fundi mwenzake kupiga Windows na kuiamsha kwa programu asiyojua imetoka wapi wala imebeba nini. Chuo cha Ufundi Arusha na VETA wangeweza kubadilisha hilo kwa kozi fupi ya wiki chache: kusoma namba ya prosesa, kukagua Autopilot, kupima diski, kusafisha feni na kubadilisha ile dawa ya kupitishia joto juu ya prosesa. Hili la mwisho ni la lazima kwetu. Vumbi letu la kiangazi ni laini na linaziba mapezi ya kupozea hadi mashine inapunguza mbio zake yenyewe kujiokoa na joto, na Moshi, kwa kuwa iko chini na ina joto kuliko Arusha, inaumiza zaidi.

Mahali panapozifaa mashine za kizazi cha sita na cha saba kuliko kote ni shuleni. Maabara ya kompyuta ya sekondari haifanyi miamala ya benki, mara nyingi haina intaneti ya kutegemewa, na haihitaji Windows 11 ili mtoto ajifunze kuchapa, kupanga jedwali au kuandika programu yake ya kwanza. Kwa Kiwix unaweka Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye diski na ikasomeka bila bando. Kwa Kolibri unaweka masomo na video kwenye mashine moja, na nyingine zote za darasa zinasoma kutoka humo. Shule nyingi za Kilimanjaro na Arusha hupokea kompyuta za msaada kutoka Ulaya, na wafadhili wengi wana nia njema kabisa. Mkuu wa shule asione haya kuwaandikia masharti kabla kontena halijafungwa: mashine zitoke kwenye orodha ya Autopilot ya kampuni iliyozitoa, BIOS zisiwe na nywila, kila moja iwe na SSD na RAM isiyopungua 8GB, chaja zije pamoja na mashine zake, na kibodi zisiwe za Kijerumani, ambazo zimebadilishana mahali pa Y na Z.